Kondoo, Nili na Nyuzi: Historia ya Wafumaji wa Los Ojos

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma habari za mwanamke mmoja jina lake Lidia, mwenyeji wa Tiatira, mfanya biashara wa nguo za rangi ya zambarau. Mtume Paulo alipofika Filipi alimkuta kando ya mto pamoja na wanawake wengine. Bwana akaufungua moyo wake, akabatizwa yeye na watu wa nyumba yake, kisha akawakaribisha wajumbe wa Injili wakae kwake. Hivyo nyumba ya mwuza nguo za rangi ikawa moja ya nyumba za kwanza za Wakristu katika Ulaya.

Miaka mingi baadaye, katika mji wa Siena nchini Italia, alizaliwa Mtakatifu Katarina (1347–1380), yule ambaye Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Eklezia mwaka 1970. Baba yake, Giacomo Benincasa, alikuwa fundi wa kutia nguo rangi. Nyumba yao ilikuwa karibu na chemchemi ya Fontebranda, mahali walipokaa mafundi wa kazi hiyo, maana mtia rangi hawezi kukaa mbali na maji.

Tumewataja hao wawili ili mtu asidhani kwamba kutia rangi sufu na nguo ni kazi ya kudharauliwa. Eklezia inaijua tangu siku zake za kwanza. Lakini leo tunataka kusimulia historia ya watu wasiojulikana sana: Wakatoliki maskini wa bonde la Chama, katika milima ya New Mexico, Marekani. Hao walikuwa na kondoo, wakauza sufu yao ghafi miaka mingi, wakazidi kuwa maskini. Kisha wakaanza tena kuisokota, kuitia rangi kwa mikono yao na kuiuza ikiwa nyuzi na mablanketi. Wako mbali nasi, lakini swali lao tunalijua: mwenye shamba na mifugo afanye nini ili faida ya mali yake isipite mlangoni pake ikaenda kwa wengine?

Kondoo waliovuka bahari

New Mexico ni nchi kavu, yenye majangwa na milima mirefu, iliyopakana na Meksiko upande wa kusini. Wenyeji wake Wapueblo walijua kufuma nguo za pamba tangu zamani, ila kondoo hawakuwajua. Mwaka 1598 Juan de Oñate alitoka Meksiko pamoja na familia za wahamiaji na Mapadri Wafransisko, wakiswaga maelfu ya mifugo. Kati yao walikuwamo kondoo wa Hispania wa aina iitwayo churra. Watu wa New Mexico wakawaita churro.

Churro si kondoo wa kupendeza macho. Mwili wake ni mwembamba, miguu yake mirefu, na madume wengine huota pembe nne. Lakini hustahimili kiu, baridi na majani machache, na jike wake hulea wana vizuri. Manyoya yake ni ya namna mbili: ya nje ni marefu na hung'aa, ya ndani ni mafupi na laini. Tena hayana mafuta mengi. Jambo hili ni kubwa katika nchi kavu, kwa maana sufu yenye mafuta mengi hutaka maji mengi ya kuiosha.

Mwanzo wa ukoloni ule haukuwa bila dhambi. Wapueblo walitozwa nafaka na nguo, wakafanyishwa kazi za shuruti, na mila zao zikapigwa vita kwa ukali. Mwaka 1680 waliasi, wakawafukuza Wahispania, ambao hawakurudi mpaka mwaka 1692. Lakini kondoo walibaki katika nchi. Wanavajo, ambao ni kabila lingine la wenyeji, waliwapokea kondoo hao, wakawa wafugaji hodari, na mablanketi yao yakasifiwa kila mahali.

Katika vijiji vya Wahispania nako sufu ikawa kama fedha. Fedha yenyewe ilikuwa haba sana. Mtu alilipa kwa kondoo, kwa blanketi, kwa soksi za sufu. Kitanda cha kufumia kilikuwa chombo cha nyumbani kama chungu na jembe. Kila mwaka misafara ilishuka kusini hadi Chihuahua ikiwa na kondoo na nguo za sufu, ikarudi na chuma, sukari na vitu vingine. Mwaka 1807 ndugu wawili wa ukoo wa Bazán, mafundi wa kufuma, walifika Santa Fe kutoka Meksiko, wametumwa na Serkali kufundisha vijana wapate kufuma nguo bora zaidi.

Kulikuwa pia na desturi iliyoitwa partido. Tajiri alimpa mchungaji kondoo majike, tuseme 100. Mchungaji aliwatunza, na kila mwaka alimrudishia tajiri wana-kondoo 20 hivi. Waliozidi ni wake. Wasomaji wetu wa Kivu wanaojua desturi za kukabidhiana ng'ombe wataelewa upesi. Mwaka wa mvua njema mchungaji alijijengea kundi lake. Mwaka wa theluji nyingi au wa ugonjwa aliingia deni asiloweza kulilipa, akawa kama mtumwa wa tajiri. Partido ilikuwa kisu chenye makali pande mbili. Tutaona jinsi watu wa Los Ojos walivyokishika baadaye kwa mpini.

Nchi ya wote inaandikwa jina la mmoja

Meksiko ilipata uhuru wake mwaka 1821. Mwaka 1832 Serkali yake ilimpa Manuel Martínez na wenzake nchi kubwa ya kaskazini iitwayo Tierra Amarilla, maana yake Ardhi ya Manjano. Ilikuwa kama hekta 240,000. Kijiji cha Los Ojos kilizaliwa katika nchi hiyo. Jina hilo kwa Kihispania ni Macho, na watu wa huko huita hivyo chemchemi, kama sisi tusemavyo jicho la maji. Desturi ya vijiji vile ilikuwa hii: kila familia ina kiwanja cha nyumba na shamba lake kando ya mfereji wa maji, mlima, msitu na malisho ni vya wote.

Mwaka 1846 majeshi ya Marekani yakaingia, na kwa mkataba wa mwaka 1848 New Mexico ikawa chini ya Marekani. Mkataba uliahidi kuheshimu mali ya watu. Lakini mwaka 1860 Bunge la Marekani liliikubali nchi ya Tierra Amarilla kama mali ya mtu mmoja, mwana wa Manuel Martínez, wala si kama nchi ya vijiji. Kosa hilo la maandishi lilizaa mateso ya miaka mingi. Mali ya mtu mmoja inaweza kuuzwa. Ikauzwa kipande kwa kipande, na mwanasheria mmoja wa Santa Fe, Thomas Catron, akakusanya hati hata akawa mwenye sehemu kubwa ya nchi ile. Wanakijiji wakabaki na nyumba zao na mashamba ya bondeni. Mlima, ambako kondoo walikula majani wakati wa kiangazi, ukazungushiwa waya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 reli ikafika Chama. Reli ilileta mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ilileta wanunuzi wa sufu ghafi, na hao walitaka sufu laini kwa mashine zao za mashariki. Basi wafugaji wakapandisha kondoo wao kwa madume wa merino na jamii zake, na churro akaanza kudharauliwa. Pili, ilileta nyuzi zilizosokotwa na kutiwa rangi viwandani, kama zile zilizoitwa Germantown, kutoka Pennsylvania. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin alikuwa amegundua rangi ya kwanza iliyotengenezwa na wanakemia, na mwaka 1897 nili ya kiwandani iliingia sokoni kutoka Ujerumani. Kwa nini mwanamke asumbuke kuchuma majani na kuchemsha mizizi, ikiwa dukani kuna rangi nyekundu inayowaka kama moto, tena kwa bei ndogo?

Hatuwalaumu. Kila mmoja wetu angalifanya vivyo hivyo. Lakini angalieni matokeo yake. Zamani sufu ilitoka kondooni ikapita katika mikono ya mwoshaji, msokotaji, mtia rangi na mfumaji, wote wa nyumba moja au kijiji kimoja. Sasa ilitoka kondooni ikaingia katika gunia, gunia katika gari la reli. Kazi nne zikaondoka kijijini, na ujira wa kazi nne ukaondoka pamoja nazo. Kijiji kikauza gunia na kununua blanketi.

Churro naye alikaribia kutoweka. Wakati wa vita vya 1863 na 1864 askari waliharibu makundi ya Wanavajo, na katika miaka ya 1930 Serkali iliwapunguzia mifugo kwa nguvu, ikisema nchi imechoka kwa kuliwa sana. Katika miaka ya 1970 churro halisi walikuwa wamebaki wachache sana. Mwaka 1977 mwalimu wa chuo kikuu, Lyle McNeal, alianza kuwatafuta waliosalia katika mabonde ya ndani na kuwazalisha upya, asije akafa kondoo aliyelisha na kuvika nchi nzima kwa karne tatu.

Hasira, kisha akili

Watu wa Tierra Amarilla hawakusahau mlima wao. Tarehe 5 Juni 1967 kikundi cha watu waliomfuata Reies López Tijerina walivamia nyumba ya hukumu ya Tierra Amarilla kwa silaha. Watu wawili walijeruhiwa, na Serkali ikapeleka askari na magari ya vita milimani. Dunia ikasikia kilio chao, lakini ardhi haikurudi. Vijana wakazidi kuhama, wakaenda mijini kutafuta mishahara.

Miongoni mwa watu waliofika New Mexico siku zile alikuwa Maria Varela. Huyu alikuwa amefanya kazi katika chama cha Wanafunzi Wakristu Vijana, kisha tangu mwaka 1963 aliwasaidia watu Weusi wa kusini mwa Marekani kudai haki zao. Vyama vya namna ile vilifuata njia aliyoifundisha Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanywa Kardinali mwaka 1965, njia ambayo vijana wa JOC na wa JEC hapa Kongo waliijua vizuri: kuona, kupima, kutenda. Kwanza fumbua macho utazame mambo yalivyo. Pili yapime katika mwanga wa Injili. Kisha fanya kitu, hata kama ni kidogo.

Mtu aliyetazama Los Ojos aliona nini? Aliona familia zenye mashamba madogo na kondoo wachache. Aliona sufu ikiuzwa kwa bei isiyolipa hata taabu ya kuikata. Aliona wanawake waliokumbuka bibi zao wakifuma, wala wao wenyewe hawakufundishwa. Aliona maduka matupu. Kila familia peke yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1983 Maria Varela pamoja na wafugaji wa bonde hilo wakaunda chama, wakakiita Ganados del Valle, yaani Mifugo ya Bonde. Mwaka huohuo wakafungua karakana ya sufu, Tierra Wools, katika jengo la duka la zamani hapo Los Ojos. Mfumaji mashuhuri Rachel Brown alisaidia kuwafundisha.

Tena waliirudia ile partido ya zamani, lakini waliigeuza. Mwenye kundi hakuwa tena tajiri, bali chama. Familia iliyotaka kuanza ilipewa kondoo majike, ikalipa pole pole kwa wana-kondoo, na wana-kondoo hao wakapewa familia nyingine. Kwa njia hiyo churro wa Lyle McNeal wakarudi katika bonde. Sufu yao, ambayo wanunuzi wa viwanda waliiona mbaya, ilikuwa ndiyo hasa inayofaa kwa mablanketi ya mtindo wa zamani: ndefu, imara, yenye kung'aa, tena yenye kupokea rangi vizuri.

Kazi yenyewe

Inafaa tueleze kazi yenyewe, ili msomaji aone mahali faida inapozaliwa, na pia mahali inapopotea.

Manyoya ya churro mmoja yana uzito wa kilo 2 mpaka 4 hivi. Baada ya kuyakata, fundi huyatandaza na kuyachagua. Ya tumboni na ya miguuni, yaliyojaa mavi na miiba, hutupwa. Hapo ndipo biashara nyingi ndogo zinapokosea: mtu huhesabu kilo alizonunua, wala hahesabu kilo atakazobaki nazo. Baada ya kuchagua na kuosha, uzito hupungua sana. Kwa kondoo wenye mafuta mengi hupotea hata nusu yake. Asiyejua hili atauza nyuzi zake kwa hasara huku akifikiri anapata faida.

Sufu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, pole pole, bila kuisugua. Ukiitoa katika maji ya moto na kuitia ghafula katika maji baridi, au ukiikoroga sana, nyuzi zake hushikana na kuwa kitu kigumu kama kofia ya zamani, wala hazisokoteki tena. Kisha hukaushwa, huchanwa, husokotwa, na nyuzi hufungwa mafungu mafungu tayari kwa rangi.

Sufu peke yake haishiki rangi nyingi za mimea. Itafulika rangi ikaondoka. Kwa hiyo kwanza huchemshwa taratibu pamoja na shabu. Kwa kilo 1 ya sufu kavu fundi hupima shabu gramu 150 hivi. Shabu hujishika katika sufu, na rangi hujishika katika shabu, kama mgeni anayepokelewa kwa sababu ya rafiki aliyemtangulia.

Manjano hutoka katika maua ya kichaka kiitwacho chamisa, kinachoota kila mahali katika nchi ile. Rangi ya machungwa hutoka katika mmea uitwao cota, ambao watu huunywa pia kama chai. Kahawia hutoka katika maganda ya jozi, ambayo hayahitaji hata shabu. Nyekundu hutoka kwa wadudu wadogo wa kochinili, wanaokaa juu ya mpungate huko Meksiko. Wakikaushwa na kusagwa hutoa wekundu ambao zamani wafalme na makardinali wa Ulaya waliununua kwa dhahabu. Rangi nyingine hazikuhitaji chungu kabisa: churro wenyewe huzaliwa weupe, weusi, wa kahawia na wa kijivu.

Ajabu kubwa kuliko zote ni nili. Nili haiyeyuki katika maji matupu. Ni lazima chungu chake kiondolewe hewa kwanza, na maji yawe vuguvugu. Ukitazama ndani, maji ni ya kijani kama ya bwawa, wala si ya buluu. Fundi hutumbukiza sufu pole pole asije akaingiza hewa, akaingoja, akaitoa. Inatoka ikiwa kijani. Halafu, mbele ya macho yako, hewa inapoigusa, inageuka kuwa buluu. Akitaka buluu ya giza hurudia mara nyingi. Hapo mwenye haraka hujulikana, maana buluu ya haraka hutoka mikononi na kupaka mavazi.

Rangi za mikono zina shida moja ambayo mashine haina. Chungu cha leo hakitafanana kabisa na chungu cha kesho. Maji, moto, majira ya kuchuma maua, yote hubadili rangi. Basi fundi mwenye akili hutia rangi kwa pamoja nyuzi zote zitakazohitajika kwa blanketi moja, na huandika katika daftari: sufu kiasi gani, shabu kiasi gani, maua kiasi gani, saa ngapi motoni, pamoja na kipande cha uzi kilichofungwa hapo kando. Daftari hilo ni mali ya karakana kama vile vyungu vyake. Mnunuzi naye lazima aelezwe kwamba tofauti ndogo si kasoro. Ndiyo alama ya mkono wa mtu.

Na bei je? Bei ya haki ina ndani yake sufu, sabuni, shabu, rangi, kuni au umeme, nyuzi zilizoharibika, na saa za kazi za mtu. Mafundi wengi, hasa wanawake, huandika yote isipokuwa hilo la mwisho. Husema: mimi nilikuwa nyumbani tu. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, kwamba ujira lazima utoshe kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi na adabu, hata kama yeye mwenyewe, kwa kulazimishwa na shida, amekubali kupokea chini ya hapo. Basi mtu asijidhulumu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo Los Ojos walitafuta wanunuzi waliojua thamani ya kazi ya mikono, hawakujaribu kushindana na blanketi la kiwandani kwa bei. Katika mashindano hayo mkono wa mtu hushindwa daima.

Kondoo hali rangi

Lakini tusiishie kwenye vyungu, kwa maana sufu huanza kwenye majani. Wakati wa kiangazi mashamba ya bondeni lazima yaachwe yaote majani ya kukatwa kwa ajili ya kondoo siku za theluji. Kwa hiyo kondoo lazima wapande mlimani. Mlima ulikuwa wa matajiri, au wa Serkali ya New Mexico, ambayo ilikuwa imetenga sehemu kubwa kwa wanyama wa mwitu na wawindaji. Chama kiliomba kulisha huko kwa utaratibu. Walisema kwamba kondoo wanaochungwa vizuri wanaweza hata kuyafaa majani. Wakakataliwa. Walinzi wa wanyama wa mwitu waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa kwa mmoja utafunguliwa kwa wote, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Mwaka 1989, majani ya kuwalisha kondoo yakiwa yamekwisha, wafugaji waliswaga makundi yao wakaingia nayo katika hifadhi ya Serkali, mbele ya watu wote, bila silaha. Walijua wanavunja amri, wakawa tayari kujibu. Watu wa magazeti wakaja. Baada ya majadiliano kondoo waliondolewa, wakapata malisho mahali pengine kwa muda. Haki ya mlima haikupatikana siku ile. Hata hivyo pimeni tofauti ya mwaka 1967 na mwaka 1989 katika nchi moja. Mara ya kwanza watu walikwenda na bunduki, na dunia ikaona bunduki. Mara ya pili walikwenda na kondoo, na dunia ikaona kwamba wana kazi, wana chama, wana watoto wa kulisha, na kwamba wanachodai ni majani. Mwaka 1990 Maria Varela alipewa tuzo kubwa ya shirika la MacArthur kwa ajili ya kazi yake ya kuviinua vijiji.

Hayakuwa maisha mepesi. Karakana haikumfanya mtu yeyote kuwa tajiri. Msaada ambao Serkali ya Marekani iliwapa wafuga kondoo wa sufu kwa sheria ya mwaka 1954 ulikomeshwa katikati ya miaka ya 1990, na wafugaji wengi wa nchi nzima wakaacha. Katika chama chenyewe, kama katika kila chama cha watu, hapakukosa maneno. Lakini wanawake ambao hawakuwahi kushika kitanda cha kufumia walikuwa mafundi, wakafundisha wengine. Na sufu iliyokuwa ikitoka bondeni katika magunia ikaanza kutoka ikiwa na kazi ya watu wa bonde ndani yake.

Neno kwa wasomaji wetu

Wazee wetu walilima pamba ya shuruti. Tangu mwaka 1917 Serkali ya wakoloni iliwalazimisha wanavijiji wa sehemu nyingi za Kongo kupanda pamba na kuiuza ghafi kwa makampuni kwa bei iliyopangwa. Mkulima alipeleka kikapu cha pamba, akarudi na franka chache, kisha akazitoa franka hizo kununua kitambaa. Hakuna haja ya kumweleza mjukuu wake maana ya kuuza gunia na kununua blanketi. Tofauti ni kwamba babu alilazimishwa. Sisi mara nyingi tunafanya hivyo kwa mazoea, kwa kahawa, kwa ngozi, kwa mbao, kwa mawese.

Hatusemi kila parokia ianze kufuga churro. Kondoo wetu wengi wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota, na joto letu halitaki mablanketi mazito. Tunasema hivi: tazameni kitu kilichopo kwenu, hata kile ambacho wanunuzi wanakidharau. Ulizeni ni kazi ngapi zimelala ndani yake kabla hakijamfikia yule atakayekitumia, na ni ngapi kati ya hizo mnaweza kuzifanya ninyi wenyewe. Ulizeni wazee, kabla hawajafa, jinsi walivyokifanya. Kisha msianze peke yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwanamke mmoja mwenye chungu kimoja hawezi kungoja mnunuzi mwema. Njaa itamlazimisha kuuza kwa wa kwanza. Chama kinaweza kungoja.

Tena msisahau ardhi. Ufundi wote wa Los Ojos ulitegemea majani ya mlimani, na majani yalipotea kwa sababu karatasi iliandikwa vibaya mwaka 1860 wakati watu wa vijijini hawakuwapo mezani. Wakristu wenye elimu katika parokia zetu wana wajibu hapa. Hati za nchi zinapoandikwa, wawepo, wasome, wawaelezee majirani wasiojua kusoma, tena bila kudai malipo.

Kanisa la Los Ojos limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, ambaye Papa Pio XII mwaka 1955 alimwekea sikukuu ya tarehe 1 Mei kuwa mfano wa wafanyakazi wote. Mtakatifu Yosefu hakuuza miti ghafi. Aliuza milango, nira na meza, akamlisha Mwana wa Mungu kwa ujira wake. Yeye awaombee wasokotaji, wafumaji, wafinyanzi na mafundi wote wa vijiji vyetu, mikono yao isichoke na jasho lao lilipwe kwa haki.